Forester iliotiwa pistoni za kufuliwa ikafa mapema kuliko ilivyokuwa ya kiwanda: kisa kizima

Gari yenyewe ni Forester SG5 XT, ile ya Japani yenye EJ205, silinda nne za kulala, cc 1994, bore (upana wa silinda) mm 92 na stroki (mwendo wa pistoni) mm 75, kiwandani imetoka na farasi 220. Mwenye gari ni kijana wa Mombasa kwa Mchina hapa Unguja, gari yake kaipenda kweli, na kabla haijafika kwetu ilikuwa ishafanyiwa kile ambacho karibu kila mwenye Subaru anakitamani: injini ilishushwa, ikatiwa pistoni za kufuliwa (forged, yani alminiamu iliyoshindiliwa ikapewa umbo, si ya kumiminwa) za mm 92.5, konrodi (fimbo zinazounga pistoni na kranki) za umbo la H za chuma kigumu cha 4340, stadi (boliti ndefu za kukazia) za ARP kwenye hedi, na ile tabo (turbo, feni ya kusukuma hewa kwenye injini) ndogo ya kiwanda ikatolewa ikawekwa kubwa ya TD05. Na vitu vyenyewe vya kweli, si feki, maboksi yake anayo na tuliyaona. Sasa injini ya kiwanda ilimtumikia miaka, hii iliotiwa nguvu haikuwahi hata kumaliza oili yake ya pili.

Suali lake lilikuwa hili: "Fundi, mie niambie kimoja tu, vipi kitu cha bei yote hii kinakufa kabla ya kile kilichokuja na gari?" Ni suali la haki kabisa na nimeamua kuliandika jawabu lake kwa urefu, maana gari za namna hii zinazidi mjini na vijana wanauza vitu vyao vya maana ili wanunue pistoni. Kwa ufupi hapakuwa na chuma kibovu hata kimoja ndani ya ile injini. Vipimo vya kufungia vilikuwa vya pistoni nyengine, na moto uliokuwa unawaka ndani ulikuwa haulingani na mafuta yalokuwa yanaingia. Hayo mawili yakakutana siku moja ya joto.

Alivyotuhadithia, gereji ya mwanzo ilimchukua vizuri tu. Bloku ikapelekwa kuchongwa, ikarudi, ikafungwa, ikawaka mara moja. Na kilichomfurahisha zaidi ni kuwa asubuhi ikiwa baridi injini ilikuwa kimya, maana alishasikia kuwa pistoni za kufuliwa zinagonga gonga zikiwa hazijapata moto, yake haikugonga hata siku moja, na fundi akamwambia hio ndo alama ya kazi safi. Mie niliposikia hapo nikajua pa kuanzia kutafuta, kabla hata boneti haijafunguliwa. Pistoni ya namna ile ikiwa kimya kwenye baridi basi haina nafasi baina yake na ukuta wa silinda.

Baada ya hapo boosti, yani presha ya hewa inayosukumwa na tabo, ikapandishwa mpaka bar 1.3 kwa valvu ya mkono. Nozeli (za kupulizia mafuta) za kiwanda, pampu ya kiwanda, kompyuta haikuguswa. Yani tabo nyengine kabisa inasukuma hewa nyingi kuliko ilivyozoea, na kompyuta bado inafanya hesabu za tabo ile ndogo. Kwa muda ilikwenda, na ilikwenda kwa raha, ndo maana akaamini iko sawa.

Siku ilipokufa ilikuwa kaskazi, mchana, jua kali, anatoka Paje. Kavuka matuta ya Jozani, yale yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, njia ikafunguka kuelekea Tunguu akakanyaga. Ikavuta, halafu ikapungua nguvu ghafla, moshi wa buluu nyuma, akaachia mguu, na alipokuja kusimama injini ilikuwa inagonga chini. (Njia ile ina watoto wa skuli na watu wa baskeli, na hilo nilimwambia usoni bila ya kuzunguka, kwamba pahala pa kujaribu boosti si pale.) Ikaja gereji kwa kamba.

Hatukukimbilia kuishusha injini. Kwanza filta ya oili, tukaikata tukaikunjua karatasi yake juani. Ilikuwa inameremeta. Tukapitisha sumaku, vumbi lile halikushika, kwaiyo si chuma cha kranki wala cha konrodi, ni alminiamu ya pistoni na yale madini laini ya beringi. Plagi nazo zilisema kitu: silinda ya 2 na ya 4 kauri ilikuwa nyeupe na ina vidoa vidogo vya alminiamu iliyoyayuka. Kompresheni silinda hizo hizo mbili zikawa chini. Hapo kabla ya spana hata moja kuingia kwenye bloku ushajua kuwa pistoni mbili zimekwaruza na kulikuwa na noki. Noki ninayoisema ni ile ya moto ndani ya silinda, mafuta yanapolipuka yenyewe kwa kipigo badala ya kuwaka vizuri, si ile watu wanaposema injini imenoki wakimaanisha konrodi inagonga. Ingawa mwisho tulizikuta zote mbili.

Ndani sasa. Pistoni ya 2 na ya 4 zimechubuka kwenye sketi (ubavu wa pistoni chini ya ringi), pande zile mbili zinazobeba uzito, alminiamu imesugulika na kubaki ukutani mwa silinda. Zile nyengine mbili zilikuwa zimeanza kung'aa pahala pale pale, hazijafika. Ringi za juu za silinda zote, ncha zao zilikuwa zinang'ara, zimekutana na kusukumana. Vichwa vya pistoni ukingoni vina vidonda vidogo vidogo vya noki, lakini hakuna hata kingo moja ya ringi iliyovunjika, na hapo ndo utaiheshimu pistoni ya kufuliwa, maana ya kusubu (ya kumiminwa) ya kiwanda kwa noki ile ingekuwa ishameguka zamani. Konrodi zote nzima, zimenyooka, boliti zake hazina kitu. Gasketi ya hedi nzima. Beringi ya konrodi ya 4 imekwisha, ya 2 inaelekea.

Kwanini sketi zikachubuka? Tulizipima pistoni zile mbili nzima kwa maikromita, pale pahala ambapo mtengenezaji anasema zipimwe, na silinda zake kwa dail geji, nafasi ikawa 0.03 mm. Karatasi iliokuja ndani ya boksi la pistoni, na karatasi hio bado ilikuwemo imekunjwa vile vile, inasema 0.09. Mara tatu! Fundi mchongaji alifanya kazi nzuri sana, silinda zimenyooka, duara safi, ila alichonga kwa kipimo alichokizowea cha pistoni za kiwanda.

Pistoni za kusubu za kiwanda zina silikoni nyingi ndani ya alminiamu yake, na silikoni inazuia kutanuka, kwaiyo zinakaa kwa nafasi ndogo na zinakuwa kimya. Za kufuliwa ziko za aina mbili zinazojulikana sana. Ya 4032 ina silikoni kama asilimia 12, inatanuka kidogo, hii unaweza kuifunga kwa nafasi ya karibu karibu. Ya 2618 silikoni yake ni kama hakuna, inatanuka zaidi lakini ngumu kuvunjika, inakunjika kabla haijapasuka, ndo maana watu wa boosti kubwa wanaipenda. Alizonunua jamaa ni 2618. Pistoni ya 92 mm ya 2618 ikipanda digrii 100 inaongezeka kama 0.2 mm kwa upana. Silinda nayo inatanuka, lakini kidogo zaidi, maana ukuta wake ni chuma na unapozwa na maji. Ukiiachia 0.03 basi siku ya joto la kweli inavimba mpaka inashika, kama mlango wa mbao masika unavyogoma kwenye fremu yake, na tafauti ni kwamba pistoni haina ruhusa ya kugoma, kranki inaiburuta tu na inajichuna.

Na ndo maana ilienda kwa muda bila ya kulalamika. Safari za mjini, Darajani mpaka Mwanakwerekwe, Amani, Fuoni, pistoni haipati moto wa kutosha kujaza ile 0.03. Inataka kukanyagwa kwa muda, tabo imejaa, hewa ya moto, ndo inafika.

Ringi ni hadithi ile ile. Pengo tulilolikuta ni kama 0.25 mm, kipimo cha gari ya kawaida. Silinda ya 92.5 mzunguko wake ni kama 290 mm, na ringi ikizidi joto la ukuta kwa digrii 100 inarefuka karibu 0.35 mm. Sasa 0.35 utaitia vipi kwenye pengo la 0.25? Ncha zinakutana, ringi inataka kuwa kubwa kuliko silinda, inaukamua ukuta na inafuta oili. Kwa injini ya tabo ya namna hii pengo la ringi ya juu linakuwa kama 0.5, na ya pili unaizidishia kidogo ili presha isinase baina ya ringi mbili ikaiinua ya juu. Watu wanaogopa pengo kubwa wakidhani kompresheni itavuja. Ikipata moto pengo linapungua lenyewe.

Beringi ndo iliyonifurahisha kuisoma, kama kitu kibovu kinaweza kumfurahisha mtu. Beringi ya konrodi ina vipande viwili, cha juu upande wa fimbo na cha chini upande wa kofia. Cha juu kinabeba mlipuko, cha chini kinabeba mvuto pale pistoni inapofika juu kwenye kutoa moshi na konrodi inabidi iirudishe chini kwa nguvu. Yani kikiumia cha chini zaidi, angalia mizunguko, mtu kaizungusha mno. Kikiumia cha juu, angalia presha na noki. Kwenye injini hii vipande vya juu vimepigwa katikati, madini yamehama, na vya chini viko karibu vizima, vina mikwaruzo tu ya ule uchafu wa alminiamu uliokuwa unazunguka na oili. Jamaa alikuwa anaapa hajaivusha mizunguko 6500 kwa dakika, na beringi zikamsadikisha.

Hapa ndo pahala ninapotaka mtu anaetaka kuimarisha injini atulie asome. Pistoni ya kiwanda ikipata noki inavunjika kingo ya ringi, unapata moshi, unasimama, hasara yako ni pistoni. Pistoni ya kufuliwa inavumilia, haikwambii kitu, na kile kipigo hakipotei, kinashuka kwa konrodi, na konrodi ngumu haipindi, kinafika kwenye beringi ambayo ni tabaka jembamba la madini laini na utando wa oili. Umeiimarisha pistoni, umeiimarisha konrodi, basi mzigo umeuhamishia kwa aliyebaki. Kwaiyo aliyefunga vitu hivi bila ya kurekebisha mafuta na moto (wakati plagi inapopiga cheche) kaondoa kengele akabakisha mwizi ndani.

Na nguvu zenyewe si mchezo. Kichwa cha pistoni ya 92.5 kina sentimita za mraba 67, presha ya mlipuko ikifika bar 80 hapo unazungumza karibu tani tano na nusu juu ya pistoni moja. Mizunguko nayo: pistoni na vitu vyake tuseme nusu kilo, kwenye 7000 inaivuta konrodi kwa kama tani 1.3, na mvuto huo unapanda kwa mraba, ukitoka 6500 ukaenda 7500 umeongeza theluthi nzima. Ndo maana mie mtu akinambia anataka kuimarisha ndani namuuliza kwanza, unataka boosti au unataka mizunguko? Boosti ni joto na kubana, hapo pistoni, pengo la ringi, stadi za hedi. Mizunguko ni kuvuta, hapo boliti za konrodi, uzito, springi za valvu, oili. Jamaa alitaka boosti tu, tena ya kiasi, na kwa hapa kwetu njia ilivyo fupi ndo akili.

Noki ilitoka wapi? Mafuta. Nozeli za kiwanda kwenye bar 1.3 na TD05 zilikuwa zishafika mwisho wake, mchanganyiko ukawa mkavu (mafuta machache kwa hewa) juu kabisa pale unapohitaji kuwa tajiri (mafuta mengi). Ongeza intakula (kipoza hewa ya tabo) ya Forester iko juu ya injini, kwenye foleni inachemshwa na joto linalopanda kutoka chini, halafu petroli yetu ni moja tu, ZURA ikitangaza bei kila mwezi utaona imeandikwa petroli basi, huna pampu ya kuchagua yenye okteni ya juu. Lazima boosti na moto vifuate petroli iliopo, petroli haiwezi kukufuata wewe.

Tulivyotengeneza. Kranki ilipimwa, jeno zake (sehemu za duara zinazokaa kwenye beringi) zilikuwa salama, ikapigwa polish tu. Bloku ikapanda boti kwenda Dar kwa fundi mchongaji mwenye sahani ya kufungia, na hili nalishikilia sana kwenye EJ: bloku ni ya alminiamu (ukuta wa silinda tu ndo chuma), silinda zake juu ziko wazi, ukikaza hedi zinapinda kidogo, kwaiyo unatakiwa ufunge sahani nzito badala ya hedi, ukaze vile vile kama hedi na kwa stadi zile zile, ndo uhoni (usugue silinda kwa mawe mpaka kipimo), ili silinda iwe duara wakati injini imefungwa. Mzee yule tulimpelekea pistoni na ile karatasi yake, tukamwambia 0.09 wala usitusikilize sisi, sikiliza karatasi. Bahati nzuri michubuko haikuwa mirefu, ile 0.06 tuliyokuwa tunaihitaji ndo hio hio ilioisafisha.

Pistoni mbili mpya zikaagizwa za namna ile ile. Uzito tukaupima kwa sonara mjini, mizani ya dhahabu haikudanganyi, na tafauti ndogo iliokuwepo tukaiondoa kwenye ile mzito zaidi kwa ndani, kidogo kidogo. Ringi tukazifaili pengo moja moja, kila ringi na silinda yake, 0.5 ya juu. Beringi mpya, nafasi tukaipima na si kukisia: jeno ya konrodi ni 52 mm na tukaikusudia kama 0.05. Boliti za konrodi tukazikaza kwa kupima urefu wake kabla na baada, maana boliti nzuri inashika kwa kuvutika, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) peke yake inadanganywa na ukavu wa nyuzi au aina ya grisi uliyopaka.

Oili kula (kipoza oili) tukaibadilisha nzima bila ya kujadili, haiosheki ile, alminiamu inabaki ndani na inakuja kuua beringi mpya. Bomba la kufyonzea oili ndani ya sampu nalo likatolewa, hizi EJ linajulikana kupasuka kwenye chomeo lake, tukatia lililoimarishwa. Tabo ikafunguliwa ikaoshwa. Watu wengi hapa wanachoka, pesa zishakwisha kwenye pistoni, wanarudisha oili kula ile ile.

Halafu nozeli kubwa, pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa, na kompyuta ikaandikwa upya na kijana aliyekuja na laptop yake na kipima mchanganyiko kwenye ekzosti. Tulikataa kuifanya asubuhi na baridi. Ilifanywa mchana, gari imeshakaa foleni, intakula imeshapata moto, maana ukiweka moto kwa hewa ya alfajiri basi saa saba mchana unaendesha gari nyengine. Mchanganyiko kwenye boosti ukawekwa kwenye 11 na kidogo (hewa kwa mafuta moja), moto ukarudishwa nyuma mpaka noki ikapotea kisha ukapunguzwa tena kidogo, boosti ikaishia bar 1.1. Hatukupima kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) kwaiyo farasi sizitaji, ila gari inakwenda kuliko ilivyokuwa kwenye ile 1.3, na sababu ni kuwa sasa kompyuta haikimbizani na noki ikirudisha moto nyuma kila mara.

Saivi asubuhi inagonga gonga mpaka ipate moto, sauti kavu kama dakika mbili tatu, na mwanzo jamaa ilimtia wasiwasi mpaka akapiga simu. Tukamwambia asikanyage mpaka oili ipate moto, temperecha ya maji peke yake haitoshi, maji yanawahi. Filta ya kwanza tuliikata, safi. Ya pili tuliikata, safi. Anataka kurudi 1.3 na nozeli saivi zinatosha, lakini petroli ni ile ile na intakula ni ile ile, kwaiyo tumemwambia kwanza aipeleke intakula mbele kwenye bampa, na kabla ya hapo giaboksi, maana hizi za gia tano gia ya tatu ndo inayokatika, na anaitumia hio hio kutoka Jumbi.